Vyombo vya Nyumba ya Tanga

Mwezi Machi, wakati watu wa Tanga wanatazama mawingu wakisubiri masika, watu wa Johannesburg huziaga mvua zao. Huku mvua ni za majira ya joto. Huanza kama Oktoba, hunyesha alasiri kwa radi ya kutikisa vioo, na saa moja baadaye jua limeshatoka na barabara zinafuka mvuke. Machi ikiisha, radi nazo zimekwisha. Anga hubaki tupu, la buluu kali, na hukaa hivyo kwa miezi. Nje ya mji maua ya kosmos huchanua pembezoni mwa barabara, ya waridi na meupe, nyasi huanza kukauka, na asubuhi mtu hutafuta sweta. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi haichelewi kupanda.

Mwaka 2020 tuliyaaga majira ya joto tukiwa tumefungiwa ndani. Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa jioni ya Jumatatu, tarehe 23 Machi, siku 18 baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Kuanzia usiku wa manane wa kuamkia Ijumaa, tarehe 27, kila mtu abaki nyumbani kwake kwa siku 21. Kabla siku hizo hazijaisha, zikaongezwa hadi mwisho wa Aprili. Zuio la Afrika Kusini lilikuwa miongoni mwa makali zaidi duniani. Hapakuwa na ruhusa ya kutoka kunyoosha miguu wala kumtembeza mbwa. Pombe na sigara zilipigwa marufuku kuuzwa, na chakula cha moto kilichokwisha kupikwa vilevile. Ulitoka kwenda kununua mahitaji, kutafuta dawa au daktari, au kuchukua pensheni na ruzuku ya serikali. Zaidi ya hapo, ndani.

Sisi tunakaa Yeoville, mtaa mkongwe ulio mashariki ya katikati ya jiji. Kwa miaka mingi umekuwa mlango wa wageni, na katika Barabara ya Rockey utasikia Kilingala, Kishona, Kiibo, Kifaransa, pamoja na Kiswahili cha namna zote: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Kigoma, cha pwani. Ni barabara isiyojua kulala. Wasusi wanakuita hadi mlangoni mwa saluni, muziki wa duka hili unagombana na wa duka lile, na teksi ndogo zinapiga honi usiku na mchana. Asubuhi ile ya Ijumaa niliamka nikadhani masikio yangu yana kasoro. Nikafungua mlango wa baraza. Jengo la Ponte, lile la duara lenye ghorofa 54 ambalo kila mgeni wa Johannesburg hulipiga picha, lilikuwa mahali pake, lakini chini yake hapakuwa na sauti ya gari hata moja. Kilichosikika ni wale ndege wakubwa wa hapa, hadada, wakipita juu ya mabati wakipiga kelele, na katika nyumba ya jirani maji yakitiririka sinkini.

Ukimya ule una mengi ya kusemwa, na nitausema ubaya wake baadaye. Kwanza niseme ulichotufunulia.

Mume wangu alikuwa mpishi wa mgahawa, na mgahawa ulifungwa siku moja na mji. Mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani. Harusi zote nilizokuwa nimeshonea ziliahirishwa na magauni yakabaki yamening'inia sebuleni. Watoto shule zao zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 18 Machi, na kazi za darasani zikawa zinakuja kwa WhatsApp, kwa bando la kuhesabu. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba ile, watu wote watano, pamoja na shemeji yangu, tulikuwa ndani mchana wa siku ya kazi.

Jambo la kwanza tulilogundua ni jua. Huku kusini ya mbali, msimu wa baridi ukikaribia, jua la adhuhuri huinama upande wa kaskazini, na kila siku hushuka kidogo. Madirisha ya sebule yetu yanatazama kaskazini. Mwanzoni mwa zuio mwanga uliishia kwenye mkeka. Katikati ya Aprili ukafika kwenye miguu ya meza. Mwezi Mei ulikuwa unavuka sebule yote na kuingia jikoni, ukigusa masufuria. Kwetu Tanga jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, na mchana wa Juni haupishani sana na wa Disemba. Sikuwa na sababu ya kujua kwamba jua linaweza kutembea ndani ya nyumba namna ile. Na tulikuwa tumelipa kodi ya nyumba ile miaka mingi, tukitoka alfajiri na kurudi gizani, tukilalamika kwamba ni nyumba ya baridi. Kumbe sehemu yenye joto ipo, ila inakuja saa saba mchana, wakati hatupo. Mume wangu akahamisha kiti chake pale, na tangu siku hiyo ndipo mahali pa kumenyea vitunguu.

Umeme nao ulituhurumia. Wiki chache kabla ya zuio tulikuwa kwenye mgao, mji mzima. Viwanda vilipofungwa, matumizi yakashuka na mgao ukasimama hadi Julai. Watu wa Johannesburg wanaelewa maana ya miezi kama hiyo: unaanzisha maharage jikoni bila kutazama ratiba.

Sasa nije kwenye vyombo.

Chini ya kitanda chetu palikuwa na maboksi. Ndani yake mlikuwa na seti ya chai ya kaure tuliyoinunua Oriental Plaza, Fordsburg, sahani za maua, hotipoti kubwa, mashuka ambayo hayajawahi kufuliwa na mapazia ya dhahabu. Vyote hivi vilikuwa vya nyumba ya Tanga. Nyumba yenyewe ilikuwa imefika kwenye lenta na kusimama hapo. Kila fedha iliyobaki ilikwenda huko, na kila kitu kizuri tulichokinunua kilifungwa kwa gundi na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hapa Yeoville tulikuwa tunakunywa chai kwa vikombe vya plastiki na magilasi yaliyokuwa chupa za jemu. Sioni aibu kuyasema haya, kwa sababu kila Mswahili ninayemfahamu katika mji huu ana maboksi yake. Ukiingia kwao utakuta godoro chini, ukuta hauna hata picha, na ukiuliza utaambiwa: hapa tunapita tu. Wengine wanapita kwa miaka 20.

Mwezi wa Ramadhani uliingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tukaziswali sebuleni, mume wangu akiwa imamu na wanawe safu ya nyuma. Siku ya kwanza ya futari tukakaa mkekani wote kwa pamoja, jambo ambalo ratiba zetu hazikuwahi kuturuhusu. Vikombe havikutosha. Mume wangu alikwenda chumbani, akavuta boksi, akakata gundi kwa kisu cha jikoni na kurudi na birika la kaure na vikombe sita. Hakusema neno. Akavisuuza, akamimina uji wa pilipili manga, akampa kila mtu chake. Mihogo tuliipata kwa mama mmoja wa Kikongo anayekaa nyuma ya soko, tui lilikuwa la kopo, na kaimati nilizikaanga mwenyewe. Shemeji yangu alishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa kitoto kichanga.

Nililia baadaye, jikoni. Nililia kwa sababu niliona wazi kwamba watoto wangu wamekulia katika nyumba ambayo wazazi wao waliikatalia vikombe vizuri. Mkubwa alikuwa na miaka 11. Utoto wake wote ameupitia hapa, si Tanga. Kwake yeye hakuna nyumba nyingine. Sisi tulikuwa tunaishi kwa kutazama lenta, naye alikuwa anaishi.

Tangu futari ile maboksi yote yalifunguliwa. Mapazia ya dhahabu yakapanda. Yalikuwa marefu mno kwa madirisha yale, nikayapunguza pindo kwa cherehani yangu. Mashuka yakatandikwa na kuchakaa kama mashuka yanavyopaswa kuchakaa. Wala nyumba ya Tanga haikupungukiwa kitu; tofali zilisubiri, na zingesubiri vilevile hata kama tungeendelea kunywea plastiki.

Kiswahili nacho kilitoka kwenye boksi lake. Watoto wetu, kama watoto wengi wa hapa, walikuwa na Kiingereza cha shule na Kizulu cha uwanjani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwamkia bibi kwa simu: shikamoo bibi, hujambo, haya kwaheri. Walipokuwa ndani na baba yao siku nzima, baba ambaye akikasirika hawezi kukasirika kwa lugha nyingine, walianza kujibu. Mkubwa akaanza kumtegea mdogo wake vitendawili nilivyomfundisha. Mdogo akajifunza kuomba msamaha kwa Kiswahili, jambo lililomletea faida nyingi. Kufikia Juni walikuwa wanagombana kwa Kiswahili, na mtoto akigombana kwa lugha, lugha hiyo ni yake.

Mama yangu alishangilia mabadiliko hayo kwenye simu, lakini alituonea huruma. Tanzania ilichagua njia yake. Shule na vyuo vilifungwa, lakini masoko, misikiti na makanisa viliendelea, na takwimu za ugonjwa zilikoma kutangazwa mwanzoni mwa Mei, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Mama alikuwa anakwenda sokoni kila asubuhi na shughulini kila wiki. Yeye aliogopa kwamba tutakufa kwa upweke, mimi niliogopa kwamba atakufa kwa shughuli. Kila jioni tulipigiana simu, kila mmoja akimpa mwenzake pole. Sijapata kuzungumza na mama yangu kiasi kile tangu nilipoolewa, na aliniambia habari za ujana wake ambazo nisingezisikia katika likizo ya wiki mbili, ambapo nyumba inajaa wageni na mama hashiki kitako.

Nilisema nitautaja ubaya wa ukimya. Utulivu wetu ulikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa sisi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Afrika Kusini waliofuatilia kaya wakati ule walikuta kwamba kati ya Februari na Aprili 2020 watu wapatao milioni 3 walipoteza ajira, na theluthi mbili yao walikuwa wanawake. Karibu nusu ya waliohojiwa, asilimia 47, walisema kaya zao ziliishiwa fedha za chakula mwezi Aprili. Barabara ya Rockey ilinyamaza kwa sababu msusi hakuwa na kichwa cha kusuka, na muuza nyanya hakuwa na ruhusa ya kupanga meza yake hadi kanuni ziliporekebishwa mwezi Aprili, na hata hapo kwa kibali cha maandishi cha manispaa. Usiku tulisikia magari ya jeshi. Huko Alexandra, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, Collins Khosa alifariki baada ya wanajeshi kufika nyumbani kwake, na familia yake ikaenda Mahakama Kuu ya Pretoria kudai haki. Baraza langu lenye jua lilikuwa katika mji huohuo. Mtu akisema zuio lilimfundisha utulivu, na aseme pia alikuwa na unga kiasi gani ndani.

Kwa wageni hali ilikuwa nzito zaidi. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya randi 350 kwa mwezi kwa wasio na kipato, waomba hifadhi na wenye vibali maalumu hawakuwemo mwanzoni. Ilibidi Mahakama Kuu ya Pretoria iamue mwezi Juni ndipo mlango ukafunguliwa. Wasio na karatasi kabisa hawakuwa na mlango wa kubisha. Katika jengo letu, ghorofa ya juu, alikaa kijana wa Kigoma anayeuza mikanda na chaja za simu barabarani. Ni kijana wa salamu, mwenye haya. Aliyegundua kwamba kijana huyu amekuwa akishindia chai ya rangi hakuwa mmoja wetu tuliozungumza lugha yake. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini tunayemwita Gogo, bibi wa Kizulu, mstaafu, ambaye maneno yake ya Kiswahili ni mawili: karibu na asante. Pensheni za wazee zilitolewa mapema, tarehe 30 na 31 Machi, ili wasibanane kwenye foleni. Gogo alirudi na unga wa mahindi kilo 10, na alipomwona kijana kwenye ngazi akamtazama usoni, akamshika mkono, akamwingiza ndani na kumpakulia. Kesho yake akatubishia sisi. Alizungumza Kizulu, mwanangu akatafsiri: ndugu yenu ana njaa.

Nimelifikiria sana neno lake hilo, ndugu yenu. Gogo amezaliwa katika nchi ambayo ilimkataza kwa sheria kuishi katika mtaa huu. Yeoville ulikuwa mtaa wa Wazungu hadi ubaguzi ulipoanza kuporomoka. Yeye anajua maana ya kuambiwa hapa si kwenu. Pengine ndiyo sababu hakumuuliza kijana karatasi. Kwake, mtu anayepanda ngazi zile kila jioni ni mtu wa jengo lile, na mtu wa jengo akiwa na njaa, jengo lina njaa.

Tangu hapo mume wangu alipika sufuria kubwa. Unga wa Gogo, maharage yetu, mboga za majani za mama wa Kikongo. Maboksi yalipofunguliwa, sahani zile za maua, za nyumba ya Tanga, zilipanda na kushuka ngazi zikiwa zimefunikwa kitambaa. Moja ilivunjika, na hakuna aliyeuliza nani kaivunja. Nilishona barakoa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni ya harusi, maana kuanzia tarehe 1 Mei barakoa ikawa lazima, na kila mtu wa jengo akapata yake, ya safu tatu, yenye mpira wa masikioni usiokaza.

Tarehe hiyohiyo zuio lililegezwa kidogo na tukaruhusiwa kutembea asubuhi, kati ya saa 12 na saa 3, bila kuvuka kilomita 5 kutoka nyumbani. Tulitoka wote siku ya kwanza, alfajiri ya baridi. Mitaa ilijaa watu kama siku ya Idi, kila mmoja kafunika pua, wakisalimiana kwa macho. Miti mikubwa ya mitaani, ambayo tulipofungiwa ilikuwa bado kijani, ilikuwa imegeuka rangi ya kutu na majani yalijaa kwenye mifereji. Watoto waliyapiga mateke hadi mwisho wa mtaa. Hapo ndipo nilipoona watu wa mtaa wangu kwa mara ya kwanza mchana: mzee anayefuga njiwa juu ya paa, mwalimu wa Kimalawi, dada wawili wanaouza samaki wakavu. Nilikuwa nimeishi nao miaka.

Ugonjwa wenyewe ulikuja baadaye, Juni na Julai, kisha tena mwishoni mwa mwaka, na haukuwa wa kusimuliwa kwa sauti ya jua na vikombe. Nchi hii ilizika zaidi ya watu 100,000 kwa hesabu rasmi kabla serikali haijaondoa hali ya janga mwezi Aprili 2022. Mazishi yaliruhusiwa watu 50 tu, bila kukesha. Tulizika watu wa kwetu huku tukisimama mbalimbali, na wengine tuliwaaga kwa simu.

Katika mazishi hayo ndipo nilipoona jambo ambalo ningependa sisi Waswahili wa huku tulizungumze. Vyama vyetu vingi vya kusaidiana vimeundwa kwa ajili ya msiba. Tunachanga kila mwezi ili mwenzetu akifa maiti yake isafirishwe nyumbani. Ni mchango mzuri na sitaki usimame. Lakini kijana wa Kigoma alikuwa mwanachama kamili. Alikuwa analipa bila kukosa. Angekufa, tungempeleka hadi kijijini kwao kwa heshima zote, na daftari la mweka hazina lina jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Lakini akiwa hai na mwenye njaa, hapakuwa na ukurasa wa kumwandika. Tumejiandaa vizuri kurudi tukiwa wafu, lakini kuishi hapa tukiwa hai tumekuacha hivihivi.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa vyama vyetu, Johannesburg na kokote Waswahili walipo ughaibuni, ni hili: fungueni daftari la pili. Andikeni nani anaishi peke yake, chumba gani, nani ana karatasi na nani hana, nani anakunywa dawa za kila siku, na jirani yake ni nani, hata kama jirani huyo si wa lugha yetu. Pangeni zamu ya kubisha hodi kila wiki. Kianzio si lazima kiwe fedha. Katika jengo letu kilikuwa sufuria moja na watu waliokubali kupanda ngazi. Na mkutano wa kwanza ufanyieni nyumbani kwa mtu, mnywe chai kwa vikombe vilivyo chini ya kitanda chake.